Kula Mwereka: Mvuto wa Mwanamieleka Anayeshindwa



Kiswahili kina namna mbili za kumsema aliyeangushwa: amepigwa mwereka, au amekula mwereka. Katika ya kwanza yeye ni mtendwa. Katika ya pili ni mtenda. "Kula" hii ni ya kula hasara, lakini pia ni ya kula kiapo na kula chumvi nyingi, yaani kupokea jambo na kulibeba. Naona hapa ufunguo wa mapenzi ya mashabiki kwa mwanamieleka anayeshindwa.

Mabanda ya video yaliyoenea nchini tangu miaka ya 1990 yaliifikisha mieleka ya maonyesho hata katika miji kama Masasi na Newala. Chukueni pambano la tarehe 28 Juni 1998 mjini Pittsburgh, Marekani. Undertaker alimtupa Mick Foley, aliyeitwa Mankind, kutoka juu ya kizimba cha chuma, kimo cha mita 5 hivi. Foley akapanda tena, akaanguka tena, mwishowe akashindwa. Matokeo yalipangwa, maumivu yalikuwa ya kweli. Aliyeshinda hatajwi sana.

Wasomi huuliza kwa dharau: kwani hawajui kwamba ni igizo? Swali hilo lingewachekesha wazee wa Newala. Kijana wa Kimakonde aliyetoka jandoni anajua kuwa ndani ya kinyago cha midimu, ambacho ng'ambo ya Ruvuma huitwa mapiko, yumo mtu wala si mzimu. Siri hiyo haimpunguzii ladha ya ngoma. Humbadilisha jicho: sasa anatazama miguu na pumzi za mchezaji.

Shabiki wa mieleka naye hutazama hivyo. Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1957, aliona kwamba watazamaji hawajali kama pambano limepangwa. Lakini kwake anayeshindwa ni picha ya mateso. Lugha yetu inamwona mfanyakazi. Anayetupwa akiruka mapema, igizo linafichuka, akichelewa, anavunjika. Ukubwa wa mshindi hutengenezwa na yeye. "Asiyekubali kushindwa si mshindani" tumeizoea kama pole kwa timu iliyofungwa. Ulingoni ni sharti la kazi.

Wala si kila anayeshindwa hupendwa. Aliyepigwa mwereka tu, akalala kama gunia la korosho, huzomewa.