Maswali ya Vijana kwa Wazee wa Jeshi

Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanachama mbele ya wanafunzi, walimu na wahitimu katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani



Nilipoombwa kuzungumza juu ya Vita vya Kagera, niliomba kwanza nipewe maswali. Mwalimu wa Historia aliwaambia vijana wa kidato cha tatu na cha nne waandike kila mmoja swali moja ambalo angependa kumwuliza mzee aliyepigana vita. Karatasi hizo nimezisoma zote. Nyingine zimenichekesha, nyingine zimenifanya nikae kimya kidogo. Leo nitajibu baadhi yake, kisha nitasema namna ya kumwuliza mzee maswali ya namna hii, maana kwa maoni yangu jambo hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Nianze na yale mepesi. Mwanafunzi mmoja ameuliza: "Seksheni, platuni, kombania na kikosi, ni kipi kikubwa?" Swali zuri, wala asione haya kuliuliza. Seksheni ni watu kama kumi chini ya koplo au sajini. Seksheni tatu hufanya platuni, na mkuu wake huwa luteni kijana, pengine hajafika miaka ishirini na mitano. Platuni tatu au nne hufanya kombania, watu mia moja na zaidi kidogo. Kombania kadhaa hufanya kikosi, ambacho ni watu mia kadhaa. Vikosi hufanya brigedi, na brigedi hufanya divisheni. Lakini angalieni: magazetini neno "kikosi" hutumika kwa kundi lolote lenye bunduki, hata watu sita. Jeshini kikosi ni kitu kamili, kina namba yake na herufi KJ, yaani Kikosi cha Jeshi. Mzee akikwambia "nilikuwa kikosi fulani", mwulize namba. Namba hiyo ni kama jina la ukoo, kwani kwa hiyo unaweza kujua alikuwa wapi na alikuwa na nani.

Mwingine ameuliza: "Kwa nini wazee husema SMG na filamu husema AK-47?" Kwa hakika ni watoto wa baba mmoja. Bunduki ya Kalashnikov ilipokelewa rasmi na jeshi la Sovieti mwaka 1949, na Wachina nao wakaitengeneza ya kwao. Jeshi letu lilipata silaha nyingi kutoka China, na askari wetu wakaizoea kwa jina la SMG, herufi tatu za Kiingereza zenye maana ya bunduki ndogo ya rashasha. Magazini yake hubeba risasi 30. Ndugu yake ni SAR, ambayo hubeba risasi 10 na hutoa moja kila ukivuta kiwambo. Katika filamu mtu hufyatua dakika nzima bila kubadili magazini. Magazini ya risasi 30 huisha kwa sekunde chache sana, na zinazobaki ni zile ulizozibeba mgongoni mwako mwenyewe. Kwa hiyo askari hufundishwa kuhesabu.

Swali la tatu limenipendeza zaidi: "Daraja la Kyaka lilikuwa na umuhimu gani hata likatajwa sana?" Mwanafunzi huyu atakuwa afisa mzuri. Ramani mnaijua. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kushika eneo letu lote lililo kaskazini ya Mto Kagera, kama kilometa za mraba 1,840, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ni sehemu ya Uganda. Siku ya pili yake Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutampiga. Kisha daraja la Kyaka likavunjwa kwa baruti. Sasa fikirini: unao askari, unayo mizinga, unayo magari, lakini mto uko katikati. Mtu anaweza kuvuka kwa mtumbwi. Mzinga hauvuki kwa mtumbwi. Kifaru hakivuki kwa mtumbwi. Wala lori la risasi na unga halivuki. Ndiyo maana kila jeshi lina wahandisi. Liko daraja la vyuma la kuunganishwa, liitwalo Bailey kwa jina la Mwingereza aliyelibuni wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kipande kimoja cha ubavu wake kina urefu wa kama meta tatu, na watu sita hukibeba kwa mikono. Vipande hivyo hupigwa pini kimoja kwa kingine mpaka ng'ambo. Mwezi ule wa Novemba majeshi yetu yalivuka Kagera kwa madaraja ya muda. Mkisoma vitabu mtaona majina ya majenerali, na ni haki yao. Lakini mkimpata mzee aliyebeba chuma cha daraja usiku, mwulizeni. Hao huulizwa mara chache.

Yupo aliyeuliza, bila kuandika jina lake: "Je, ni kweli askari wetu walikimbia Lukaya?" Walimu wengine wangeificha karatasi hii. Mimi nasema kijana ana haki ya kujibiwa. Lukaya iko njiani kutoka Masaka kwenda Kampala, na barabara pale hupita juu ya tuta katikati ya kinamasi cha mafunjo. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi yetu ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo wasiowahi kuona mapigano, ilikutana na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya. Walibya walikuwa na roketi zile ambazo raia wa Uganda waliziita "saba saba": gari moja, mirija 40, roketi za milimita 122 zinazofika mbali kiasi cha kilometa 20, na zote hutoka katika nusu dakika. Roketi nyingi zilipita juu ya vichwa vya watu wetu bila kuwapata. Lakini mtu ambaye hajapata kusikia sauti ile hajui kwamba zimempita. Ndiyo, walirudi nyuma. Usiku ule wakakusanywa na kupangwa upya, na brigedi ya 208 ikazunguka mbali upande wa kaskazini magharibi. Alfajiri ya tarehe 11 ikatokea kwenye barabara ya Kampala nyuma ya adui, na wale wale waliorudi nyuma jana wakasonga mbele kutoka kusini. Adui akavunjika. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwetu pamoja na wapiganaji wa Uganda wenyewe.

Nawaombeni mlishike hilo. Anayewaambia kwamba hakuna aliyeogopa anawanyima elimu. Anayewaambia kwamba walikimbia, akaishia hapo, naye anawanyima elimu. Habari nzima ina siku mbili.

Sasa nafika kwenye swali ambalo limeandikwa katika karatasi nyingi kuliko jingine lolote: "Mzee, uliua watu wangapi?" Vijana, siwalaumu. Mtu asiyejua vita huona kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe. Lakini nawaombeni msimwulize mzee yeyote swali hilo. Kwanza, mara nyingi hajui, kwa sababu watu hupiga risasi kwenye moshi na majani. Pili, akijua, hilo ni lake na Mungu wake. Tatu, yule atakayewajibu haraka na kwa sauti kubwa, huenda alikuwa jikoni Mwanza.

Basi tuulize nini? Mimi nina kanuni moja: mwulize mtu kile alichosimama akakiona. Koplo hajui kwa nini brigedi ilikwenda kushoto. Mkimwuliza hilo, ama atabuni au ataona aibu. Lakini anajua viatu vyake vilichakaa wapi. Anajua walikula nini siku mvua iliponyesha mfululizo. Anajua jina la aliyelala naye katika handaki moja, na kijiji chake. Anajua lindo la saa nane usiku lilivyo. Kutoka Mutukula hadi Masaka ni yapata kilometa 90, na kutoka Masaka hadi Kampala ni kama 130, na watu wetu wengi walizitembea kwa miguu, silaha begani. Mwulize alibeba nini, kilikuwa na uzito gani, na alikiacha wapi kilipomshinda. Hapo mzee atakaa vizuri kitini. Atakapokuwa tayari kuwaambia jambo zito, atalitaja mwenyewe, nanyi msimkatize.

Na mkienda kumwuliza, nendeni kwa adabu za nyumbani kwetu. Amkieni. Semeni mmetumwa na nani. Msiende siku ya msiba wala wakati wa chakula. Msirekodi sauti yake kabla ya kumwomba ruhusa. Neno asilolielewa mmoja wenu aulize pale pale, kwa maana jeshi lina lugha yake: kwata, lindo, kombati, handaki, kuruta. Akicheka, cheka naye, kisha uandike maana.

Mtauliza, haraka ya nini? Nitawaambia. Kijana wa miaka ishirini aliyevuka Kagera mwaka 1978 sasa yuko karibu na sabini, na wengi walikuwa wakubwa kuliko huyo. Babu zetu waliochukuliwa kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi. Kikosi chao cha wapagazi kimetuachia jina la Kariakoo, ambako watu hununua mchicha na vitenge. Jina limebaki sokoni. Watu wenyewe hawakuulizwa. Waliokwenda Burma na Keya katika Vita ya Pili nao wamekwisha, na tulioandika habari zao ni wachache mno.

Kwa vita vyetu wenyewe jambo hili linawagusa hasa mgambo. Askari wa kudumu ana faili jeshini. Mgambo alitoka shambani au kiwandani, akapewa mafunzo, akaenda, akarudi shambani au kiwandani. Kijijini kwangu nawajua wawili. Mmoja ana medali yake ndani ya mkebe wa chai. Mwingine hana kitu. Hesabu inayotajwa ya askari wetu waliokufa ni 373, na si wote kwa risasi, maana zilikuwapo ajali za magari na milipuko. Raia waliokufa katika eneo lililotekwa hutajwa kuwa wapatao 1,500. Mnaweza kwenda Kaboya, wilayani Muleba, mkaone makaburi. Lakini aliyerudi salama akafa kitandani miaka arobaini baadaye hana alama yoyote, ila kama mjukuu wake aliandika.

Liko na jambo jingine la haraka, na hili ni la uhai wenu. Mmoja ameuliza: "Bomu lililozeeka bado linalipuka?" Jibu ni ndiyo. Kutu haiui baruti. Mwezi Novemba 2017, wilayani Ngara, mkoani Kagera, mtoto aliokota bomu la mkono akidhani ni chuma chakavu cha kuuza, akaenda nalo shuleni. Lililipuka na kuua wanafunzi. Naamini kama angepata mtu mzima mmoja wa kumwuliza "hiki ni nini?" kabla ya kukibeba, watoto wale wangekuwa vijana leo. Ukiona chuma cha ajabu, usikiguse, usikitupie jiwe. Rudi kwa njia ile ile uliyojia, zuia wenzako, toa habari polisi. Kisha uliza. Swali la mjinga halijapata kumkata mtu mkono.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Chama chetu kila mwaka hununua vikombe vya michezo, na ni jambo jema. Mwaka huu napendekeza tununue pia daftari moja kubwa lenye jalada gumu, likae katika maktaba ya shule. Kila mwanafunzi anayefunga shule aende nyumbani na maswali sita tu: jina lako nani, ulikuwa kikosi namba ngapi, ulijiunga mwaka gani, ulipita wapi, ulikuwa na nani, na nani hakurudi. Hili la mwisho liulizwe mwishoni, na mzee akinyamaza, nafasi iachwe wazi. Likizo ikiisha, majibu yanakiliwa daftarini kwa wino, na jina la aliyeuliza linaandikwa chini. Wanachama wenzangu tuliokuwa jeshini tusikae pembeni. Tujaze kurasa za kwanza, na mimi niko tayari kuanza leo, kabla ya chakula.

Karatasi za maswali ambazo sikuzijibu ninazo hapa. Baada ya mkutano nitakaa chini ya ule mwembe karibu na bweni la pili. Mwenye swali aje, hata kama anaona ni la kitoto.