MATUNZO YA MGONJWA AKIISHA KUTOKA HOSPITALI
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya matunzo ya mgonjwa kwa njia ya simu na intaneti. Nitaanza na Ujerumani, kwa sababu huko jambo hili limekwisha jaribiwa, na sehemu kubwa ya fedha hutoka katika mfuko wa pensheni, yaani fedha za wafanya kazi na matajiri wao.

Mfuko ule una kanuni: kwanza mtu arudishiwe nguvu, pensheni baadaye. Fundi aliyeumia mgongo, au mtu aliyelemewa na huzuni hata hawezi kazi, hupelekwa hospitali maalum, mara nyingi kwa majuma 3 au zaidi. Hulala huko na kufanya mazoezi kila siku. Mwenyewe hutoa Euro 10 kwa siku, wala hatozwi zaidi ya siku 42 kwa mwaka.

Taabu huanza akirudi nyumbani. Hospitali iko mbali, kazi inamngoja, na mazoezi yanaachwa. Basi wakabuni matunzo ya intaneti. Kwa mfano, mgonjwa huandika habari zake kila juma, na mtaalamu humjibu.

Wataalamu wa Mainz waliwauliza wagonjwa kama wanayataka matunzo hayo, wakatoa habari mwaka 2016. Mwaka 2017 wakatoa habari za waganga na wauguzi. Mtu angedhani wagonjwa tu ndio watasita. Kumbe waganga nao walisita! Tena pande zote mbili, jambo lililowavuta watu ni kuona kwamba litawafaa kweli, na kwamba wenzao wanaliunga mkono.

Siwalaumu waganga wale. Mgonjwa akiandika usiku kwamba amechoka kuishi, nani atasoma? Na saa za kujibu barua hizo zitatoka wapi, kama mtu hakupunguziwa kazi nyingine? Sisi tunaojua kuongezewa kazi bila kuongezewa saa tunaelewa vizuri.

Sasa tutazame kwetu. Nairobi kuna hospitali ya serikali ya watu walioumia uti wa mgongo. Mwenzetu wa Voi akitoka huko, yuko zaidi ya kilometa 300 na wale waliomtunza. Mtu asiyesikia miguu yake hupata kidonda cha kulalia bila kuhisi maumivu. Huanza kama doa tu. Likiachwa, nyama huoza mpaka mfupa, na watu hufa kwa ajili hiyo. Mkewe akipiga picha na kumpelekea muuguzi siku ile ile, doa lile huweza kutunzwa mapema. Lakini atampelekea nani? Namba iliyoandikwa ukutani haitoshi. Mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, nadhani wengi wetu tulimwamini kwanza wakala aliyeketi dukani, ndipo tukaiamini simu. Hivyo mgonjwa aonane na muuguzi wake uso kwa uso kabla ya kutoka wodini, wafundishwe pamoja, yeye na mtu wa nyumbani kwake.

Gharama je? Sheria ya Malipo ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka tajiri alipe matibabu ya aliyeumia kazini, pamoja na nauli ya kwenda kutibiwa. Kama nauli inalipwa, mimi sioni kwa nini bando la simu lisilipwe. Tena ni rahisi kuliko nauli. Lakini simu isiwe sababu ya kumnyima mtu nauli siku anapohitaji kuguswa na daktari, na habari zake zisipitie meza ya msimamizi wake wa kazi.

Bwana Mwenyekiti, naomba mambo haya yaingizwe katika madai yetu ya mkataba ujao: bando, nauli, na siri ya mgonjwa. Na katibu wa tawi aandike majina ya wenzetu waliotoka hospitali mwaka huu, tujue nani anawatazama.