Maji Yaingiapo Penye Ekseli

Wako mafundi wajuao kutengeneza motokaa, na wako wengine wajuao kutia dau kalafati. Leo twataka kusema habari za chombo kimtakacho fundi mmoja azijue kazi zote mbili, maana ni gari linaloelea.

Kazi hii si ya mchezo. Tarehe 1 Mei 1999, gari la namna hii lilishuka katika Ziwa Hamilton, jimbo la Arkansas, Marekani, lina watu 21. Lilikuwa gari kubwa la aina ya DUKW, lililoundwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha likageuzwa kuwa la kutembezea watalii. Likaanza kujaa maji upande wa nyuma, likazama, watu 13 wakafa, na wengine wao walizuiwa na paa wasiweze kutoka. Wachunguzi wa serikali walipolitazama walikuta kwamba mpira unaozibia mhimili wa magurudumu ya nyuma haukufungwa barabara.

Gari tutakalolieleza sasa ni dogo zaidi, lakini ugonjwa wake ndio ule ule. Ni gari la magurudumu sita au manane, kama Argo lililoanza kuundwa Ontario, Kanada, mwaka 1967, nalo hupita matopeni na majini. Mwili wake ni wa plastiki ngumu, umefanywa kama mtumbwi, na majini husukumwa na magurudumu yenyewe. Basi kila ekseli haina budi kutoboa ubavu wa gari, na gari likielea matundu hayo huwa chini ya maji. Penye kila tundu pana beringi ndani ya kikombe cha chuma kilichofungwa kwa bolti, na sili ya mpira, na grisi ya kuzuia maji.

Mtu akikuta maji katika ngama asikimbilie kufungua kila kitu. Kwanza atazame nguruzi. Mara nyingine ni hiyo tu haikukazwa. Kisha alipandishe gari juu ya magogo imara, azime injini, akaushe nje, atie maji ndani mpaka yapite matundu ya ekseli kidogo, yasifike penye injini wala nyaya za umeme. Magogo yawe imara kweli, kwa kuwa lita 200 za maji zina uzito wa kilo 200. Sasa akae atazame. Maji yakitoka kati ya kikombe na ubavu wa gari, kosa ni la gasketi au bolti. Yakitoka kuizunguka ekseli yenyewe, kosa ni la sili. Lakini sili nyingine zimeelekezwa kuzuia maji ya nje tu, kwa hiyo tone moja au mawili si ushahidi wa kutosha. Ashike gurudumu kwa mikono miwili alitikise. Likicheza, beringi imekwisha, na sili mpya haitadumu hapo hata kidogo.

Akisha kumwaga maji yote, na kuipaka minyororo mafuta isishike kutu, avue gurudumu na kikombe. Atazame sana nyuma ya gurudumu. Mara nyingi atakuta majani yamejisokota, au uzi wa kuvulia samaki, ambao hukata mpira kama kisu. Aipapase ekseli kwa ukucha: pakiwa na mfuo mdogo, msasa laini watosha, ukiwa na kina, au ekseli imepinda, ibadilishwe. Gundi kuukuu ikwanguliwe yote, kwani gundi mpya juu ya ile kuukuu haishiki. Bolti zikazwe kidogo kidogo, kwa kupokezana huku na huku, kisha gundi iachwe ikauke muda ulioandikwa juu ya chupa yake. Tumewaona wengi wakiharibu kazi njema kwa haraka ya saa hizo chache.

Grisi itiwe polepole huku gurudumu likizungushwa. Bomba la grisi lina nguvu nyingi, na mkono wa pupa huisukuma sili ikatoka mahali pake. Tena gari lililokwenda mbio lisitumbukizwe majini likingali moto. Beringi ikipoa ghafula, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta maji.

Jaribio la kwanza lifanywe ufukoni, penye maji ya kuelesha gari tu, na mtu mmoja akimulika ndani kwa tochi. Baada ya dakika kumi litolewe, nguruzi ifunguliwe, na kila kitokacho kipokewe katika kopo, kipimwe.