Uvumbuzi ni wa Profesa au wa Chuo?

Msikilizaji, tumtazame Profesa John Fenn, mkemia wa Marekani. Alipotimiza miaka 70, Chuo Kikuu cha Yale kilimstaafisha, lakini hakuacha utafiti. Alinyunyiza kimiminika chenye protini kupitia sindano yenye umeme. Matone yakakauka, protini zikabaki hewani zikiwa na chaji, tayari kupimwa uzito. Mwaka 2002 alikuwa miongoni mwa washindi wa Nobel.

Hilo linakuhusu vipi? Mashine zinazotumia mbinu hiyo husaidia kupima dawa, hata damu ya watoto wachanga.

Sasa, Fenn alijiandikishia hataza ya mbinu hiyo mwenyewe. Kwa upande mmoja, wazo lilikuwa lake. Kwa upande wa pili, maabara ilikuwa ya chuo, na mwaka 2005 mahakama iliipa Yale ushindi katika mgogoro wa hataza hiyo. Je, wewe ungeamuaje?