Furaha Inapokuwa Mbali na Moyo

(Mawaidha kwa waumini wa Ngujini, Milima ya Upare)



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Mtukufu Muhammad s.a.w.

Ndugu zangu wapenzi, wazee wetu, mama zetu na vijana. Jambo ninalotaka tulitazame leo ni jambo ambalo wengi wanalo moyoni, lakini aghalabu halisemwi msikitini. Yuko mtu anayesali sala zake tano, anafunga Ramadhani, anatoa anachokiweza, wala hana ugomvi na jirani yake. Lakini akiamka alfajiri haoni la kumwamsha. Chakula hakina ladha, vicheko vya watoto vinamchosha, na Idi ikifika huvaa nguo nzuri ili watu wasimwulize maswali. Mtu huyo hujiuliza kwa siri: Je, imani yangu imepotea? Na akithubutu kumfungulia mwenzake moyo, mara nyingi hujibiwa: Ongeza ibada, maana umepungukiwa na imani.

Jibu hilo, ndugu zangu, halina msingi katika dini yetu, na laweza kumwangamiza mtu. Tuitazame historia ya mitume wenyewe. Nabii Yakubu a.s. alimlilia mwanawe Yusufu hata macho yake yakapofuka kwa huzuni. Nani atathubutu kusema kwamba Yakubu hakuwa na imani? Mtume wetu s.a.w. naye, yapata miaka mitatu kabla ya Hijra, alifiwa na mkewe mpenzi Bibi Khadija r.a., na katika mwaka huo huo akafiwa na Abu Talib, ami yake aliyemlea na kumlinda. Waislamu wa zamani waliuita mwaka huo Mwaka wa Huzuni. Baadaye akaenda Taif kuwalingania watu, wakampiga mawe hata miguu yake ikatoka damu. Na alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim, alilia mbele ya masahaba zake, wala hakuyaficha machozi yake. Basi kama huzuni ingekuwa alama ya upungufu wa imani, historia ya watu wateule wa Mungu isingejaa machozi kiasi hiki.

Tukiisha kulijua hilo, tutazame hali yetu huku milimani. Sababu za huzuni si za kubuni. Wazee wetu walisomesha watoto kwa kahawa. Mgao wa mauzo uliowekwa chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika mwaka 1989, na ilipofika mwaka 2001 bei ilikuwa imeanguka vibaya, hata wakulima wengi wakaiacha mibuni yao izeeke. Vijana wameshuka kwenda Moshi, Arusha na Dar es Salaam kutafuta riziki, na nyumba nyingi zimebaki na bibi na mjukuu. Misiba nayo imetupitia. Mwezi wa Novemba 2009 mlima uliporomoka huko Goha, Mamba Miamba, ukafukia nyumba na watu waliokuwa ndani yake. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, mabasi mawili yaligongana na kuteketea kwa moto, na watu wapatao 40 wakapoteza maisha. Wako watu ambao tangu siku hizo hawajacheka kicheko cha kweli.

Katika hali kama hii mtu hujiwekea ahadi moyoni: Nitafurahi siku mwanangu atakapopata kazi, nitafurahi bei itakapopanda, nitafurahi nyumba itakapokwisha. Kuomba mambo hayo na kuyafanyia kazi ni haki yetu. Lakini anayeifunga furaha yake yote katika siku moja ijayo huupitisha umri wake akiwa kama msafiri aliyekaa kituoni, wala hajui kama gari litakuja.

Enyi ndugu, wazee wetu walituachia funzo kubwa katika ndiva. Kijito chembamba kikiachwa kitiririke chenyewe mchana kutwa, maji yake hunywewa na udongo wa mfereji kabla ya kulifikia shamba la chini. Wazee wakalitambua jambo hilo, wakachimba ndiva. Maji hukusanywa usiku kucha, na asubuhi mlango ukifunguliwa hushuka kwa nguvu hata yakayafikia mahindi na maharage. Kijito ni kile kile, wala mvua haikuongezeka. Bali maji yamezuiwa yasipotee njiani.

Furaha ya mtu aliye katika dhiki aghalabu huja kwa namna hiyo hiyo, kidogo kidogo. Ni kikombe cha chai baada ya sala ya Alfajiri, ukungu unapoinuka mlimani na bonde likaonekana, mjukuu aliyejifunza kuandika jina lake, jirani aliyepita na kusalimu. Mambo haya hupita kila siku, na mwenye moyo mzito huyaacha yapite kwa sababu hayatoshi kuiondoa shida yake. Ni kweli, hayatoshi kuiondoa. Lakini anayeyasimamisha kidogo, akayataja kabla ya kulala na kumshukuru Mungu kwa kila moja, huyo anakusanya maji. Kwa hiyo kushukuru hakumtaki mtu akane kwamba ana shida. Anayeshukuru anakataa tu kwamba shida peke yake ndiyo iliyomfikia siku hiyo.

Jambo la pili ni kwamba tusingoje moyo ufurahi ndipo tufanye kazi. Mara nyingi mkono hutangulia na moyo hufuata. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha r.a. kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akishona nguo yake, akitengeneza viatu vyake na kuwasaidia watu wa nyumbani mwake. Mtume wa Mungu, mwenye mzigo wa umma wote, hakuiona kazi ndogo ya nyumbani kuwa ni bure. Basi mwenye moyo mzito na achague jambo moja dogo kila siku: kupalilia mstari mmoja wa maharage, kufagia uwanja, kumpeleka mtoto kisimani. Akilimaliza, aseme Alhamdulillahi, na kesho achague jingine.

Jambo la tatu, nalo ndilo lililonifanya nizungumze leo, linatuhusu sisi tulio wazima. Ndiva haichimbwi na mtu mmoja, na tope likijaa ndani yake haliondolewi na mtu mmoja. Watu hupigiwa mbiu ya msaragambo, wakatoka na majembe. Vivyo hivyo, yuko mtu ambaye moyo wake umejaa tope hata hawezi tena kukusanya tone. Kumwambia mtu huyo ashukuru ni sawa na kumwambia mwenye ndiva iliyojaa tope kwamba amwagilie shamba. Anachohitaji ni wenzake watoke na majembe.

Mtume wetu s.a.w. alikuwa na desturi ya kuwatambua wasiotambuliwa. Alikuwapo mtoto mmoja, ndugu yake Anas bin Malik r.a., aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume alipoiona huzuni ile hakusema kwamba ni jambo la kitoto. Aliuliza habari yake, akazungumza na mtoto juu ya kindege chake. Kadhalika alikuwapo mama mmoja aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Mtume alipomkosa akauliza, akaambiwa kwamba amefariki na ameshazikwa. Hakupendezwa kuwa hakuarifiwa, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumwombea. Je, sisi tunajua ni nani aliyekuwa akikaa safu ya pili karibu na dirisha, na sasa ni Ijumaa ya tatu hajaonekana?

Tena kuna funzo katika nyumba ya Bibi Aisha r.a. Wakifiwa na mtu, wanawake walikusanyika, kisha wakatawanyika, wakabaki watu wa nyumbani na wa karibu. Ndipo yeye alipoagiza kupikwa talbina, yaani uji wa shayiri, kwa sababu alimsikia Mtume akieleza kwamba uji huo huutuliza moyo wa mgonjwa na kupunguza huzuni. Tuuangalie wakati alioagiza: ni baada ya wageni kuondoka. Sisi katika misiba ni hodari sana wa siku tatu za mwanzo. Turubai hufungwa, sufuria huletwa, watu hujaa. Matanga yakiisha kuanuliwa, mjane hubaki na ukimya ambao hajapata kuusikia maishani mwake. Wakati huo ndio wakati wa uji, nao mara nyingi hautuoni.

Faida ya kumkalia mtu na kumsikiliza imethibitishwa hata na waganga wa zama zetu. Katika mji wa Harare, nchini Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi 14 wa mtaa wa Mbare namna ya kuketi na watu wenye huzuni kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi humsikiliza mtu, humsaidia achague shida moja katika shida zake, kisha hupanga naye hatua ndogo ya kuikabili. Baadaye wenye huzuni hukutana kwa makundi, wakifuma mifuko na kuzungumza. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati za Harare yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi 6, miongoni mwa waliosikilizwa na mabibi ni watu 14 tu katika kila 100 waliobaki na dalili za maradhi, hali katika wale waliopata huduma ya kawaida walibaki takriban 50. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Bibi wenye hekima na subira sisi tunao, na benchi lipo nje ya kila msikiti.

Hata hivyo, ndugu zangu, tusichanganye mambo. Iko huzuni ambayo imekuwa maradhi, nayo waganga huiita sonona. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi bila usingizi au bila hamu ya chakula, asipendezwe na lolote, ajione hana thamani, na hasa akianza kusema kwamba ni heri afe, huyo asiachwe peke yake hata saa moja, wala asifichwe kwa kuogopa aibu. Apelekwe zahanati, na kutoka hapo hospitali ya wilaya au hospitali kubwa za Moshi, ambako wako waganga wa maradhi hayo. Dua tumwombee, na dawa anywe. Hatujapata kumwambia mwenye malaria kwamba aache vidonge kwa kuwa tumemwombea. Basi kwa nini tumwambie hivyo mwenye sonona?

Kwa hiyo naomba tuondoke hapa na jambo moja la kutenda. Kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja aliyepotea machoni pake, na kabla ya Ijumaa ijayo apande au ashuke mlima hadi nyumbani kwake. Asiende na hotuba. Aende na ndizi, au sukari, au mikono mitupu, akae, na amwulize hali yake mara ya pili, kwa sababu mara ya kwanza sote hujibu: Nzuri. Na wewe ambaye moyo wako ndio mzito leo, usione haya kulijibu swali hilo la pili kwa ukweli. Kumruhusu ndugu yako akusaidie ni kumfungulia mlango wa thawabu.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuyaona yaliyo madogo, ndimi za kushukuru, na miguu isiyochoka kuwaendea wenzetu. Awaponye wagonjwa wetu wa mwili na wa moyo, na awarehemu waliotangulia mbele ya haki. Amin.

Wassalaam Alaikum Warahmatullahi Wabarakatuh.