Makovu ya Kizazi Yanaporudi
Makovu ndani ya kizazi hutokea pale utando wake unapokwanguliwa hadi tabaka la chini, kisha kuta zikashikana zinapopona. Joseph Asherman aliieleza hali hiyo mwaka 1948, nayo ikapewa jina lake. Chanzo kikuu ni kusafishwa kizazi baada ya mimba kuharibika au kondo kubaki. Dalili ni hedhi kupungua au kukoma, mimba kutoshika au kuharibika mara kwa mara.

Matibabu ni kukata makovu kwa mkasi mdogo, daktari akiongozwa na kamera iliyopitishwa kwenye mlango wa kizazi. Kwa kuwa makovu mazito hurudi, huweza kuwekwa puto au koili kutenganisha kuta, kutolewa homoni ya estrojeni, na kizazi kukaguliwa tena baada ya wiki kadhaa. Mimba inayofuata huhitaji uangalizi, kwani kondo laweza kung'ang'ania.

Kwa wakazi wa Kisii na Nyamira, hatua ya kwanza ni uchunguzi wa daktari wa uzazi katika hospitali ya rufaa. Kinga nayo ipo: Shirika la Afya Duniani linahimiza kusafisha kizazi kwa kufyonza au kwa vidonge badala ya kukwangua.