Homa ya Nguruwe na Malezi ya Watoto Wake

Yafuatayo ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wafugaji wa nguruwe waliokusanyika mjini Eldoret.



Nimeombwa niseme nanyi habari za magonjwa ya nguruwe yaletwayo na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Hapa Uasin Gishu, nchi ya mahindi, ngano na maziwa, wako watu ambao nguruwe ndiye awalipiaye karo ya watoto wao. Mnyama huyu ana sifa ambayo ng'ombe hana: jike hubeba mimba kwa miezi mitatu, majuma matatu na siku tatu tu, kisha huzaa watoto wanane, kumi au zaidi. Lakini mali ijayo upesi yaweza pia kutoweka upesi, na ndiyo sababu ya maneno yangu ya leo.

Ugonjwa uliojulikana kwanza hapa Kenya

Ugonjwa mkubwa kupita yote ni homa ya nguruwe ya Kiafrika. Jina hilo halikutolewa bure, kwani ni hapa Kenya ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza. Walowezi walipoleta nguruwe wa Ulaya mwanzoni mwa karne iliyopita, nguruwe hao walianza kufa kwa wingi. Daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery aliuchunguza ugonjwa huo, na mwaka 1921 akachapisha habari zake. Katika milipuko 15 iliyotokea kati ya mwaka 1909 na 1915, nguruwe 1,366 walishikwa, na katika hao walikufa 1,352. Ni 14 tu waliosalia.

Je, ugonjwa huo ulitoka wapi? Ulikuwako tangu zamani katika ngiri, ambaye huubeba mwilini bila kuugua. Wataalamu, miongoni mwao Walter Plowright aliyefanya kazi Muguga, walithibitisha mwaka 1969 kwamba papasi waishio katika mashimo ya ngiri nao wanavyo virusi hivyo. Papasi hunyonya damu ya ngiri mchanga shimoni, na kwa njia hiyo ugonjwa hupita kizazi hata kizazi. Ngiri hapatwi na neno, lakini nguruwe wa nyumbani akiambukizwa hana kinga.

Kutoka Afrika ugonjwa umetembea duniani. Mwaka 1957 ulifika Lisbon, nchi ya Ureno. Mwaka 2007 ukaingia Georgia. Na mwezi wa Agosti 2018 ukafika China, nchi yenye nguruwe wengi kupita zote, ukaangamiza sehemu kubwa ya mifugo yake. Huko kote haukupelekwa na ngiri. Ulipelekwa na binadamu, kwa nyama, kwa makombo na kwa biashara ya wanyama.

Dalili zake

Baada ya siku 4 hadi 19 tangu kuambukizwa, nguruwe hushikwa na homa kali, huacha kula, na hulala wakirundikana pamoja. Ngozi ya masikio, tumbo na miguu hugeuka nyekundu au ya zambarau. Wengine hutapika, wengine huhara damu, na majike wenye mimba huziharibu. Mara nyingi kifo huja ndani ya juma moja au siku kumi. Hakuna dawa iponyayo. Nchi ya Vietnam iliruhusu chanjo kutumika kwake mwaka 2023, lakini mfugaji wa hapa asitegemee sindano; ategemee boma lake.

Homa hii haimdhuru binadamu. Hata hivyo, binadamu huibeba kwa viatu, nguo, gari na kisu cha kuchinjia. Kwa hiyo yawapasa kufanya haya:

Kwanza, nguruwe wakae bandani, wasiachwe kuzurura barabarani wala kukutana na nguruwe mwitu. Wafugaji wa zamani waliponea hapo: waliojenga boma imara waliokoa mifugo yao.

Pili, msiwape makombo ya hotelini yasiyochemshwa. Virusi hivi huishi katika nyama mbichi, na hata iliyokaushwa, kwa muda wa miezi mingi. Makombo yachemshwe sana, huku yakikorogwa, kwa muda wa saa nzima.

Tatu, nguruwe mgeni atengwe siku 30 kabla ya kuchanganywa na wenzake. Dume la kuazima kutoka zizi hadi zizi ni hatari vilevile.

Nne, zibeni nyufa za kuta, maana papasi hupenda kujificha humo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Watoto wachanga

Sasa nije kwa watoto wa nguruwe. Hawa huzaliwa bila kinga yo yote mwilini. Kinga yao yote imo katika dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, na matumbo yao huweza kuipokea kwa muda wa siku moja tu. Basi kila mtoto na anyonye katika saa sita za kwanza, na aliye dhaifu ashikwe mkononi apelekwe kwenye chuchu.

Yako magonjwa ya virusi yaletayo kuhara kwa watoto hao. Mmoja wao, ulioonekana kwanza Uingereza mwaka 1971, uliingia Marekani mwaka 2013 ukaua mamilioni ya watoto wa nguruwe, wengi wao kabla ya kutimiza juma moja. Mtoto anayehara hafi kwa virusi peke yake, bali kwa kukaukiwa maji na kwa baridi. Mji wetu uko juu sana, kadiri ya mita 2,100, na usiku wake mnaujua. Mtoto mchanga ahitaji joto la kama digrii 32. Mpeni kona yenye nyasi kavu na taa au jiko lililokingwa vema, mpeni anayehara maji safi, na safisheni banda kwa sabuni kabla ya kila uzazi.

Jambo lililo gumu

Nimebakiza jambo lililo gumu. Mfugaji aonapo nguruwe wawili wamekufa usiku, shauri la kwanza limjialo ni kumwita mchuuzi kabla jua halijapanda, auze waliosalia. Asema moyoni, "Nikitoa habari, zizi litafungwa, nami nitapata hasara." Siwezi kumwambia kwamba hasara hiyo si ya kweli. Ni ya kweli, nayo ni chungu.

Lakini tuufuate mwendo wa nguruwe yule aliyeuzwa. Afika buchani, damu yake yamwagika, makombo yake yaliwa na nguruwe wa jirani, na baada ya majuma mawili kijiji kizima hakina nguruwe. Mfugaji wetu atakapotaka kuanza upya, atanunua wapi mbegu? Wala mchuuzi hatakuja tena, maana hakuna cha kununua. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, yamtaka mwenye mnyama mgonjwa atoe habari na amtenge. Basi akifa nguruwe kwa homa, msimchune wala msimgawe. Fungeni mlango wa banda, pelekeni habari ofisi ya mifugo siku ile ile, na mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe. Na ninyi majirani, mwenzenu akijitokeza akasema kweli, msimcheke wala msimtenge. Yeye amepoteza zizi moja ili mengine yapone. Saidianeni naye mpaka apate jike jingine la kuanzia.